Tumbo Lililopasuka: Ucheshi na Kifo katika Kisa cha Tanuki wa Shojoji Kilipogeuzwa Jazi, kwa Kulinganishwa na Ngano ya Masala Kulangwa

1.0 Utangulizi

Makala hii inahakiki safari ya kisa kimoja cha kuchekesha kutoka Japani hadi katika muziki wa jazi wa Marekani. Kisa hicho kinasomwa kwa jicho la msikilizaji aliyelelewa na ngano za Wasukuma, hususani zile zinazosimuliwa katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Shinyanga hadi Geita. Kisa chenyewe ni cha tanuki wa hekalu la Shojoji, mjini Kisarazu. Ngano ya kukilinganisha nacho ni ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Sikuzichagua hadithi hizi mbili kwa sababu zimefanana kwa jumla, kwani hazikufanana. Kinachoziunganisha ni vitu viwili mahususi: kila moja inajengwa juu ya wimbo unaorudiwa, na katika kila moja kuna tumbo linalopasuka.

Suala linaloshughulikiwa ni hili: kisa cha kuchekesha kinapohamishwa kutoka masimulizi kwenda katika wimbo wa jukwaani, kinaacha nini nyuma? Jibu lililozoeleka katika tahakiki zetu ni kwamba kinaacha muktadha. Jibu hilo ni la kweli, ila ni jepesi. Mulokozi (1989) alikwisha kutuonyesha kuwa fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati, hivyo kusema tu kwamba muktadha umepotea hakuongezi kitu. Ninadai kwamba katika kisa cha Shojoji kilichoachwa ni kitu kimoja kinachotajika kwa jina, nacho ni maiti. Aidha, ninadai kuwa muziki wa jazi haukulazimika kukiacha.

2.0 Kisa cha Shojoji na wimbo wake

Kwa muhtasari, kisa kinasema hivi. Usiku mmoja wa majira ya kupukutika majani, mwezi ukiwa mpevu, kasisi wa hekalu anasikia kelele uani. Anachungulia na kuona kundi kubwa la tanuki wakiimba na kucheza, huku mkubwa wao akilipiga tumbo lake kama ngoma. Badala ya kuogopa, kasisi anatoka na kujiunga nao. Yanazuka mashindano: wanyama hawataki kushindwa na kasisi, na kasisi hataki kushindwa na wanyama. Hali inaendelea hivyo kwa siku tatu. Usiku wa nne uwanja uko kimya. Kulipokucha kasisi anamkuta yule tanuki mkubwa amekufa, tumbo limepasuka kwa kupigwa mno. Anamzika, na kilima cha kaburi kinaonyeshwa hadi leo katika uwanja wa hekalu. Kwa kuwa kinafungamana na mahali halisi na kaburi linaloonekana, kisa hiki kiko karibu zaidi na kisakale kuliko ngano. Hata hivyo, namna kinavyosimuliwa ni ya ngano ya wanyama.

Inafaa kusema neno kuhusu mnyama mwenyewe. Tanuki ni wa jamii ya mbwa. Katika masimulizi ya Kijapani ana uwezo wa kujigeuza umbo, ni mlafi, ni mjanja, na mara nyingi ujanja wake humrudia mwenyewe. Mfasiri wa Kiswahili anayetafuta mnyama wa kumweka badala yake atapata shida, kwa kuwa ngano zetu zimegawa sifa hizo kwa wanyama wawili: ujanja ni wa sungura, tumbo ni la fisi. Tanuki ni sungura na fisi katika ngozi moja. Ndiyo maana nimebaki na jina lake. Waamerika walimwita rakuni, mnyama wa jamii nyingine kabisa, na kosa hilo dogo la tafsiri lilikuwa na athari kama tutakavyoona.

Katika miaka ya 1920 mshairi Noguchi Ujo alikigeuza kisa hiki kuwa wimbo wa watoto, na Nakayama Shimpei akautungia muziki. Wimbo unawaita tanuki waje wote uani na kuwahimiza wasikubali kushindwa na kasisi. Kifo hakitajwi. Hata hivyo sioni kuwa Noguchi alikifuta. Mtoto wa Kisarazu anayejua kaburi liko wapi anaimba maneno ya kuhimiza mashindano akifahamu mashindano hayo yaliishia wapi. Himizo la kutoshindwa, ambalo kwa mgeni ni shangwe tupu, kwake lina kivuli. Kejeli haimo katika maneno wala katika mahadhi, imewekwa akiba kwa msikilizaji. Huo ni ufundi unaofahamika vizuri kwa yeyote aliyesikiliza nyimbo za ngoma za mashindano za Wasukuma, ambamo fumbo huachiwa anayemjua anayesemwa.

Baada ya vita, wimbo ulianza kutenganishwa na kaburi. Mwaka 1946 mahadhi yake yalitumiwa kufungulia kipindi cha redio ya taifa ya Japani cha kufundisha Kiingereza, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Marekani. Mwaka 1955 Eartha Kitt, mwimbaji wa Kimarekani aliyezaliwa South Carolina, akaurekodi kwa Kijapani na Kiingereza, akisindikizwa na okestra, kwa jina la Sho-Jo-Ji, na jina la ziada linalomtaja rakuni mwenye njaa.

3.0 Njaa mahali pa mashindano

Jina hilo la ziada linatosha kuonyesha badiliko lililofanyika. Katika kisa, tumbo la tanuki ni ngoma. Katika wimbo wa Kitt, tumbo ni tumbo la kula. Mnyama si mshindani tena, ni mwenye njaa, na vichekesho vinatokana na vyakula anavyovitamani. Neno la Kijapani la kuita, linalorudiwarudiwa katika kiitikio, limebaki kama sauti ya kupendeza isiyo na anayeitwa. Kasisi naye hana kazi tena.

Ni rahisi kulaumu. Lakini mhakiki mwadilifu hana budi kusikiliza kabla ya kuhukumu, na anayemsikiliza Kitt atakiri kuwa kuna sanaa ya kweli pale. Anacheza na muda: anachelewesha silabi, anaikwaruza sauti, anaiacha okestra itangulie kisha anaifuata kwa mzaha. Kijapani chake si pambo la kupitia tu, amekiimba kwa makini. Zaidi ya hayo, ameelewa jambo moja ambalo waliotangulia hawakulitilia mkazo, kwamba tanuki ni mwigizaji anayejitazama akiigiza. Kwa upande wa fani, sina lawama.

Lawama yangu iko katika maudhui, nayo ni finyu. Kitt na watunzi wa maneno yake ya Kiingereza hawakuwa na wajibu wa kusimulia kaburi la Kisarazu. Ila kwa kuondoa mashindano waliondoa kitu ambacho jazi yenyewe inakijua kuliko muziki mwingine wowote wa wakati ule. Wapigaji wa jazi walikuwa wakishindana jukwaani usiku kucha, mmoja akipiga na mwingine akimjibu, bila ya mmoja wao kukubali kuwa wa kwanza kuweka ala chini. Kisa cha mnyama anayepiga ngoma ya mwili wake mwenyewe hadi unapasuka ni kisa cha mpiga muziki. Wimbo uliingia katika nyumba iliyokuwa tayari na kiti chake, ukapewa kiti cha mgeni.

Nadharia ya kicheko ya Bergson (1900) inaweza kuitwa hapa kumtetea Kitt. Bergson anaona kwamba ili tucheke ni lazima moyo ufe ganzi kwa muda, kwani anayemhurumia anayeanguka hawezi kumcheka. Kwa mantiki hiyo, kumwacha tanuki hai ni sharti la ucheshi. Ninakubali kuwa maelezo haya yanaufaa ucheshi wa jukwaa la mjini Ulaya. Ngano ya Masala Kulangwa inayakataa.

4.0 Panzi, zimwi na sikio

Ngano hii inafahamika kote Usukumani na imechapishwa mara kadhaa, ikiwa ni pamoja na katika kazi ya Healey na Sybertz (1996). Shing'weng'we amewameza watu wote na mifugo yote, isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la makapi. Mwanamke anajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina linaloelezwa kuwa na maana ya mwenye akili, anayeelewa upesi. Akikua anauliza kwa nini wako wawili tu duniani. Akishaambiwa, anaondoka kumsaka zimwi. Anarudi akiimba wimbo wa ushindi kwamba amemuua Shing'weng'we huko vilimani, mama ashangilie. Mama anatazama na kumwambia kuwa huyo ni panzi. Siku nyingine anarudi na wimbo uleule, naye ameua ndege. Kisha mnyama mdogo wa porini, kisha mkubwa zaidi. Kila mara wimbo ni uleule na jibu ni lilelile.

Wataalamu watakumbuka kuwa mbinu hii ipo pia katika Kiswahili cha pwani. Katika mkusanyo wa Steere wa Zanzibar (1870), katika hadithi ya Sultani Majnuni, mwana mdogo asiyetarajiwa anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mara akimwimbia mama yake kuwa ndiye nunda mla watu, na mama akimjibu kuwa siye. Kusini mwa Afrika, Wasotho wana Senkatana, naye huwatoa watu tumboni mwa zimwi, ingawa mwisho wake ni mchungu kuliko wote. Hivyo hatuzungumzii kisa cha pembeni.

Utamu wa sehemu ya panzi uko wapi? Uko katika kutolingana. Wimbo ni wa shujaa, windo ni la mtoto. Kila wimbo unaporudi hadhira inaanza kucheka kabla haijaambiwa ni mnyama gani, kwani inajua mama atasema nini. Hata hivyo ngano inakwenda mbali kuliko kuchekesha. Siku Masala anapomuua Shing'weng'we wa kweli, wimbo haubadiliki hata neno moja. Maneno yaleyale yaliyokuwa kichekesho yamekuwa kweli. Fanani hodari hatangazi badiliko hilo. Anaimba kama alivyoimba kwa panzi, na hadhira, ikiwa na kicheko kinywani, ndiyo inayogundua kuwa safari hii hakuna jibu la mama. Katika fasihi simulizi ninayoifahamu, hakuna mahali ambapo kiitikio kimefanyishwa kazi kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi.

Kisha tumbo linapasuliwa. Baba anatoka, majirani wanatoka, ng'ombe wanatoka. Hapa lugha yetu inasaidia kusoma: Kiswahili huwaita ndugu kuwa ni watoto wa tumbo moja, na ngano imeweka matumbo mawili, la mama linalozaa mtoto mmoja na la zimwi linalozaa nchi nzima. Lakini kisu hakikupita salama. Katika kupasua, Masala amemkata sikio ajuza mmoja. Ajuza hashukuru. Anakasirika, anatukana, anakusudia kumroga aliyemwokoa. Masala hatumii ushindi wake kumnyamazisha. Anamtafutia dawa na kumtibu, na baada ya hapo ndipo anapofanywa mtemi.

Healey na Sybertz, na wengine waliofuata nyayo zao katika utafiti uliofanyika chini ya kivuli cha Bujora, wamemsoma Masala Kulangwa kama mfano wa Kristo. Usomaji huo una mashiko yake, ila una kasoro inayofanana na ya wimbo wa 1955. Mkombozi akishakuwa mkubwa kiasi hicho, panzi anakuwa utani wa kupita na sikio linakuwa doa dogo la kusafishwa. Kwa usomaji wangu, sikio ndilo kitovu. Ngano imetuchekesha kwa kijana anayepiga kelele za ushindi mapema mno, na inamalizia kwa kijana huyohuyo akigundua kuwa hata ushindi wa kweli ulikuwa na kelele ya mtu ndani yake. Watoto wanasimuliwa haya kando ya moto. Wanamcheka ajuza, naam, kwa sababu matusi yake yanachekesha, lakini sikio lake limekatwa na hakuna anayekana hilo. Moyo haujafa ganzi. Kicheko na jeraha vimekaa pamoja, jambo ambalo Bergson hakulitazamia.

5.0 Mashindano na mahali

Msikilizaji wa Kisukuma ana sababu nyingine ya kukielewa kisa cha Shojoji kuliko alivyokielewa mtunzi wa maneno ya Kiingereza. Ngoma za Bagika na Bagalu, zinazotajwa kuanzishwa na wapinzani wawili, Ngika na Gumha, huchezwa baada ya mavuno kwa makundi mawili kukabiliana kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevutia umati. Hapana refa mwenye filimbi. Watu wakihama upande mmoja kwenda mwingine, hukumu imetoka. Dawa hutumika, na hofu ya dawa ya mpinzani ni sehemu ya mchezo. Tanuki akiletwa katika uwanja wa namna hii hahitaji maelezo. Kila mtu atajua kwa nini hakuacha kupiga, na wengine watauliza kasisi alikuwa na dawa gani. Emmanuel Mbogo aliona uwezo wa kidrama wa ulimwengu huu alipoandika Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988).

Mahali nako kuna uzito. Huko Kakola, mji uliokua kando ya mgodi wa Bulyanhulu, neno tumbo likitajwa pamoja na ardhi si tamathali ya kupambia. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo ili kupisha uchimbaji mkubwa, na yakafuata madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni, madai ambayo Serikali iliyakanusha. Mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Si kazi ya uhakiki wa fasihi kuamua yaliyotokea. Kazi yake ni kutambua kuwa hadhira ya hapa inaisikia ngano ya watu waliomezwa na kutolewa, na ya yule aliyetolewa akiwa na jeraha na malalamiko, ikiwa na masikio yaliyokwisha kufunzwa. Fanani anayeondoa sikio la ajuza hapa hafupishi tu ngano. Anachagua upande.

6.0 Ni jazi ipi?

Ikiwa Masala Kulangwa angesimuliwa upya kwa nyimbo za bendi, angesimuliwa kwa muziki gani? Swali linaonekana kuwa na jibu tayari, kwani kwetu jina la jazi si geni. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930, Western Jazz ilianza 1959, NUTA Jazz 1964, na Tabora Jazz ilipiga karibu kabisa na Usukuma. Inajulikana pia kuwa bendi hizi hazikupiga jazi ya Marekani. Zilipiga rumba na mitindo iliyochota katika ngoma za nyumbani, kama Sikinde na Msondo yanavyoshuhudia kwa majina yao. Jina lilikuwa la heshima, muziki ulikuwa wetu.

Ninaupenda muziki huo na ninauona haufai kwa ngano hii, kwa sababu ya umbo lake. Wimbo wa dansi husimulia katika sehemu ya kwanza, polepole, kisha hufunguka katika chemko, magitaa yakashika hatamu na maneno yakapungua hadi kuwa miito ya kuchangamsha. Ngano ya Masala imeweka lalamiko la ajuza baada ya ushindi, yaani mahali hasa ambapo wimbo wa dansi umeacha kusimulia na watu wako uwanjani wanacheza. Ajuza angelia katikati ya chemko na asisikike. Mtunzi angeweza kumpeleka mbele, lakini hapo lalamiko lingetangulia kosa.

Jazi ya Marekani ina umbo jingine. Katika upigaji wa nyimbo zake za kudumu, zile ambazo kila mpigaji anazijua na ana haki ya kuzipiga upya, wimbo hutajwa mwanzoni, kisha kila mpigaji hubuni papo kwa papo juu ya msingi uleule, mzunguko baada ya mzunguko, na mwisho wote hurudi kwenye wimbo wa mwanzo. Hii ndiyo sehemu ya panzi: wimbo mmoja, windo tofauti kila mzunguko. Msikilizaji anayeujua wimbo huanza kucheka kabla ya jibu, kama hadhira ya ngano. Na kwa kuwa umbo hili hudai kurudi, linampa ajuza nafasi ambayo dansi halina. Mzunguko wa mwisho, ule ambao kwa kawaida huimbwa kwa utulivu baada ya kila mtu kumaliza kujionyesha, unaweza kuwa wake. Wimbo wa ushindi wa Masala ungeimbwa na sauti ya mwanamke mzee aliyekatwa sikio, mahadhi yaleyale, bila kubadilisha neno.

Umbo hilo lingemfaa tanuki pia. Mizunguko mitatu ya mashindano, ngoma na sauti zikijibizana, na wa nne ukapigwa bila ngoma.